Ukoo wa Hendasoni

Injini ilizima kati ya Usinge na Nguruka,
saa saba usiku, mwezi wa saba,
baridi ikapanda madirishani bila tiketi.
Mtoto wa yule mama wa Baraka
alitetemeka hata kilio kikakatika vipande,
nami nimekalia belo la sweta, kilo arobaini na tano,
mali niliyoifuata Tabora kwa mkopo wa kikoba.

Ungekuwa wewe?
Nikaikata kamba kwa meno.

Haikupita robo saa, daraja la tatu lote limevaa Marekani.
Wilondja wa dagaa kavaa chuo kikuu,
mrina asali wa Kaliua kavaa timu ya magongo,
mkagua tiketi kavaa kambi ya watoto wa kanisa,
mikono imemwishia kwenye viwiko.
Kashindye, kijana wa kozi ya utalii,
akapita na tochi ya simu akitusoma vifuani,
sauti kaipitisha puani kama wale wa sinema,
kila neno akilimung'unya kabla ya kulitoa.

"Na mimi nimeandikwaje?" akauliza Bi Mwamini wa Ujiji.
"Mkutano wa ukoo wa Hendasoni,
kiangazi, elfu mbili na tisa."
"Ndio kina nani?"
Nani angejua. Mrina asali akavua kofia:
"Shikamoo, shangazi Hendasoni."
Tukacheka hadi mtoto akanyamaza kutushangaa.

Kisha gizani kila mtu akarudi kwake.
Wilondja akimbembeleza mtoto kwa Kibembe,
mama yake akijibu *aksanti, baba, analala sasa*,
wawili wa Kasulu wakinong'ona bei ya maharage kwa Kiha
wakidhani hakuna anayesikia.
Nilisikia. Nilitazama dirishani.

"Hawa Hendasoni," Bi Mwamini tena,
"wakiwa wenyewe kwao, wanasema nini?"
"Kiingereza, bibi."
"Hicho cha shule. Nauliza cha jikoni.
Cha kumgombezea mtoto. Cha kulilia maiti."
"Ndicho hichohicho. Hicho tu."
Akajivuta sweta hadi kidevuni,
akafikiri kwa muda mrefu.
"Hicho tu," akasema. "Maskini.
Na baridi yote ile."

Alfajiri mtandao ukarudi, simu ya Kashindye ikalia:
bibi yake, Sikonge, sauti imejaa behewa.
*Mwangaluka*, akajibu, vizuri kabisa,
halafu naam, naam, naam,
naam za mtu anayevuka mto asioujua kina.
Nilifungua mdomo nimseme:
sinema zimekuibia, mwanangu.

Nikaufunga.
Mimi ni Mha. Miaka kumi na miwili Kariakoo
nilisema kwetu Morogoro.
Hakuna Mmarekani aliyenikaba koo.
Ni wenzangu wa kibandani walioiga lafudhi yangu,
wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sauti kuliko wao,
nikakitia Kiha chini ya belo
nikakikalia.

Uvinza, binti wa chumvi akanyoosha kikapu dirishani:
*Mwakeye!*
Nilijibu.
Lilitoka na kutu, kama kufuli la nyumba ya marehemu,
lakini lilitoka,
na wale wawili wa maharage wakageuka,
wakatazamana, wakaanza kukumbuka walichosema usiku.

Kigoma nikahesabu sweta zangu.
Moja inanuka moshi, moja asali, tatu dagaa,
zitahitaji kufuliwa kabla ya sokoni.
Moja haipo.
Nikamwona Bi Mwamini ng'ambo ya reli,
anakwenda polepole, kiangazi kizima mgongoni.
Nikamkimbilia, nikataja bei, nikapunguza.
Akanitazama kwa huruma, kama mgeni wa msibani.

"Mwanangu," akasema,
"ukoo unadaiana?"